Mtani Aliyelala Mlangoni

Simu ya Kisarawe iliingia asubuhi, Stellamaris akiwa anaosha vyombo kwa uso wa mfungwa, na aliyeipokea ni yeye, kwa kuwa siku hizi mama yake alikuwa hapokei simu. Akafuta mikono kwenye gauni, akasema "Haloo" kwa sauti ya mama yake.

Hapo panahitaji maelezo. Stellamaris alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tano, wa bweni, na Mungu alimpa kipaji ambacho hakimo kwenye mtaala wowote wa Jamhuri: aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote aliyemsikiliza kwa muda wa kumaliza sahani ya maharage. Kule shuleni aliwahi kusimama nyuma ya dirisha Jumamosi moja akatangaza, kwa sauti ya matroni, kwamba wasichana wote watoke nje na magodoro yao kwa ajili ya ukaguzi wa kunguni. Wasichana walitoka. Magodoro yalitoka. Matroni mwenyewe alipofika alisimama akijiuliza kama kweli alitoa amri hiyo akaisahau. Kwa heshima ya siku hiyo Stellamaris alikabidhiwa fyekeo na nusu ya uwanja wa mpira wa pete, na alifyeka akitoa hotuba ya makamu mkuu wa shule, ndipo akaongezewa nusu ya pili.

Lakini sauti aliyoiweza kuliko zote ilikuwa ya mama yake. Ile ya zamani.

Watu wa Picha ya Ndege, mtaa wao pale Kibaha, wanaikumbuka. Siku za kazi mama yake, Jenifa, alikuwa karani wa halmashauri, mtu wa mihuri na mafaili. Jumamosi alikuwa mshereheshaji wa harusi, na hakuna bibi harusi aliyeingia ukumbini bila yeye kumtangaza kama vile anatangaza mvua baada ya kiangazi. Ilikuwa sauti nene kidogo, yenye kicheko kilichojificha nyuma yake kama mtoto nyuma ya pazia. Stellamaris alipokuwa mdogo alilala kwenye viti vya kumbi nyingi kwa sauti hiyo, amefunikwa kitenge, na mpaka leo, akisikia harufu ya pilau, usingizi humjia. Umeme ukikatika katikati ya sherehe, Jenifa aliweka kipaza sauti chini akaendelea vilevile, na waliokaa nyuma kabisa, karibu na kreti za soda, hawakujua kama umeme umekatika.

Kisha akaingia mpangaji asiyelipa kodi. Alianza mguuni: mguu wa kulia ukawa unachelewa kufika, kama mwanafunzi mtoro. Zahanati wakasema ni malaria, baadaye wakasema taifodi, baadaye wakasema ni uchovu tu, mama apumzike. Jicho likaingiwa ukungu kwa mwezi mzima, likatakata lenyewe. Mwishowe ulimi. Ndipo daktari mmoja wa mjini akapiga picha ya kichwa akaona alama nyeupe, akautaja ugonjwa: maltipo sklerosisi, jina ambalo Stellamaris alisema linafaa zaidi kuwa la mpiga gitaa wa bendi. Nyumbani wakalikata, wakauita Emu Esi. Daktari alieleza kwamba askari wa mwili wameasi, wanatafuna ganda la mishipa inayobeba ujumbe kutoka kwenye ubongo. "Maneno yote yako salama kichwani," alimwambia Jenifa. "Barabara tu ndiyo imeharibika."

Barabara iliharibika kweli. Maneno yalianza kutoka moja moja, mazito, yameachana kama watu waliogombana. Sauti iliyokuwa inafika kwenye kreti za soda ikawa inaanza vizuri na kuzama mwishoni mwa sentensi. Akichoka, au jua likiwaka sana, ilikuwa mbaya zaidi. Na kwa kuwa ugonjwa huo hauna sura watu wanayoijua, waliusoma kwa sura waliyoijua. Harusi ya mwisho aliyoisherehesha ilikuwa Kongowe. Alikuwa anamtambulisha mjomba wa bwana harusi, neno likakwama, likatoka limeburutika, na mjomba mwenyewe akasema kwa sauti ya kusikika, "Mshereheshaji ameonja kabla ya wageni." Ukumbi ukacheka. Jenifa aliweka kipaza sauti juu ya meza ya keki, taratibu, kama anaweka yai, na tangu siku hiyo hakusema tena mbele ya watu. Nyumbani alisema. Nje alitabasamu na kutikisa kichwa. Simu alipokea Stellamaris anapokuwa likizo, na asipokuwepo simu iliita mpaka ikachoka.

Simu moja tu ndiyo aliyoipokea mwenyewe muda wote huo: ya Bi Mwanne wa Kisarawe, kila Jumapili.

Sasa, kwenye simu hii ya asubuhi, Stellamaris akasikia sauti ya kiume.

"Mtumwa wetu," ilisema. Alikuwa Seifu, mtoto mkubwa wa Bi Mwanne, lakini leo hakuwa anatania. "Mama ametutoka alfajiri. Tunazika baada ya adhuhuri. Najua uko mbali, lakini unajua alivyosema."

Stellamaris alijua, kila mtu alijua. Akili yake ilishtuka, lakini sauti ilikwishaondoka bila yake, nene, ya zamani, na kicheko chake nyuma ya pazia kikiwa kimefunikwa na huzuni kama inavyotakiwa.

"Nakuja," ikasema. "Nisubirini."

Alipokata simu, mama yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, ameshika ukuta.

"Nani... amesema... nakuja?"

"Wewe," alijibu Stellamaris, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Jenifa alikaa kitandani. Alipoambiwa nani amekufa, alilia kwa sauti ambayo haikuharibika hata kidogo. Kilio hakina matamshi.

Mambo ya Bi Mwanne yalianza zamani, kabla Stellamaris hajazaliwa, Jenifa alipopata ajira yake ya kwanza Kisarawe na kutafuta chumba cha kupanga. Alifika na sanduku na godoro. Bi Mwanne, Mzaramo wa palepale, muuza mihogo ya kukaanga, akamuuliza kabila. Jenifa akasema Mnyamwezi wa Tabora. Bi Mwanne alipiga yowe mpaka majirani wakatoka. Akalichukua lile godoro akalilalia hapohapo uani, akatangaza kwamba mtumwa wake aliyetoroka zamani amerudi mwenyewe na malazi juu. Jenifa, msichana wa ofisini aliyevaa sketi ya kazi, akalishika godoro kwa upande wa pili akalipindua, Bi Mwanne akaanguka kwenye majani ya mihogo. Basi ikawa. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana: kuchukua kitu chako bila kuomba, kukutukana mbele ya mkweo, na siku ukifa, kuvaa nguo zako na kukuigiza mbele ya waliokufiwa mpaka wacheke wakilia. Msiba usio na mtani watu wanautoka kama waliokula wali bila chumvi.

"Siku nikifa," Bi Mwanne alikuwa akisema, "usipokuja kunitukana sitoki ndani. Watanibeba, nitakuwa mzito kama gunia la mkaa mbichi, mpaka wanishushe."

Jenifa alihamishiwa Kibaha, akaolewa, akazaa, lakini kila Jumapili simu ililia na matusi yakafuata. Ugonjwa ulipofika kwenye ulimi, Jenifa hakumwambia. Alipoanza kuchelewa kujibu, Bi Mwanne alishangilia upande wa pili, akimwita binti yake: "Umeishiwa! Hamisa, njoo usikie, Mnyamwezi kaishiwa!" Na Jenifa akamwacha ashangilie. Akasema maneno mafupi mafupi, akasingizia mtandao. Kwa Bi Mwanne peke yake alibaki mtu mzima wa afya aliyeshindwa, si mgonjwa anayehurumiwa, na hilo alilipenda kuliko dawa zote.

"Mama, sikiliza," Stellamaris alisema, akipiga magoti mbele yake. "Twende, lakini usiseme. Mimi nitasema. Wewe utavaa nguo zake utembee, mimi nitasimama nyuma yako natoa sauti. Hakuna atakayejua. Nimeshawahi kufanya na matroni."

"Hapana."

"Watakucheka, mama. Kama kule Kongowe."

Jenifa alivuta pumzi kama mtaalamu wa matamshi alivyomfundisha, tumbo kwanza, kisha maneno machache, kisha pumzi tena. "Mtani... wake... ni mimi. Wewe... tafuta... wako."

Baba, Eliya, alikuwa Dodoma kikazi. Jirani yao Brighton aliwapeleka na kigari chake kwa njia ya Kiluvya, na kwa kuwa kiyoyozi cha kigari hicho kilikuwa pambo, walifika Kisarawe wakiwa wameiva. Jenifa hakusema njia nzima. Midomo yake ilikuwa inatembea. Stellamaris alidhani anasali, akasikiliza vizuri, akagundua anafanya mazoezi ya matusi.

Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba, wanaume chini yake kwenye mikeka na viti vya plastiki, wanawake uani na ndani. Hamisa, binti wa marehemu, alitoka na macho mekundu.

"Shikamoo, mama," Stellamaris alisema.

"Marahaba mwanangu. Umekuwa mkubwa, umeharibika sura kama mama yako." Kisha akamkumbatia Jenifa. "Umekuja, mtani. Alikuwa anakungoja. Shika vitu vyake."

Akampa kanga ya Bi Mwanne, miwani yake iliyofungwa uzi na bakora yake. Jenifa akajifunga palepale. Haikuhitajika kusema neno. Na hapa ndipo mambo yalipoanza kwenda yasivyotarajiwa na mtu yeyote, isipokuwa labda marehemu.

Miaka ya mwisho Bi Mwanne alikuwa anaburuta mguu wa kulia, na kwa kukosa meno alikuwa anasema polepole, neno kwa neno, akimeza mwisho. Jenifa alipopiga hatua ya kwanza uani, bakora mkononi, mguu wa kulia ukifika kwa muda wake wenyewe, wanawake walinyamaza. Halafu mmoja akapiga makofi.

"Mwanne huyo!"

"Haki ya Mungu, Mwanne huyo! Tazama mguu!"

Jenifa alisimama. Alitazama huku na huku, na Stellamaris akasogea karibu naye. Hapa ndipo neno lilipokwama kule Kongowe. Kisha mama yake akafungua mdomo.

"Nilipanga... hapa," akasema, na maneno yakaburutika kama yalivyoburutika siku zote. "Paa... lilikuwa... na nyota."

Kicheko kililipuka. Mwanamke mmoja aliyekuwa anakuna nazi aliiacha mbuzi akaketi chini.

"Nikamwambia... Bibi... mvua... inaingia. Akasema..." Pumzi ikaisha. Uani pakawa kimya, watu wamekaza shingo. Jenifa akavuta nyingine, tumbo kwanza. "Akasema... hiyo... ya bure. Sikutozi."

Hamisa alicheka mpaka akashika nguzo, na machozi aliyokuwa ameyazuia tangu alfajiri yakamtoka yote kwa pamoja. "Kampatia! Kampatia mama! Mpaka pumzi! Jamani, mpaka pumzi!"

Walidhani anaigiza. Stellamaris alielewa, na uso ukamwaka. Alitaka kusema, huyu hamwigi mtu, hii ndiyo sauti yake, mnacheka ugonjwa. Lakini alipomtazama mama yake aliona kitu ambacho hakukiona tangu zamani za kulala kwenye viti vya kumbi. Jenifa alikuwa amesimama wima. Alikuwa anangoja kicheko kipungue, kama mtu anayejua hasa kitapungua lini, ndipo aweke neno lingine juu yake. Ulimi ulikuwa mbovu. Lakini muda ulikuwa wake uleule.

Aliendelea hivyo, tusi baada ya tusi. Alisimulia mihogo ya Bi Mwanne iliyokuwa migumu kiasi kwamba wateja waliirudisha wakaombwa radhi na mihogo yenyewe. Alisimulia namna alivyojifanya kiziwi kila wapangaji walipotaka kuzungumzia choo. Kila neno lilichukua muda wake, na ule muda watu waliufurahia kuliko neno. Jua lilikuwa limefika katikati. Uani hakukuwa na kivuli isipokuwa ukutani, na mtani hatanii ukutani.

Sauti ilianza kuzama. Stellamaris aliisikia kabla ya wote: mwisho wa sentensi ukapotea, halafu katikati.

Ndipo mlango ukafunguliwa na jeneza likaletwa kutoka chumbani, limefunikwa, Seifu mbele na wenzake. Wanawake wakainuka wakilia. Kwa desturi hapo mtani husimama mlangoni akazuia njia, na maiti haitoki mpaka mtani apewe chochote anachodai. Jenifa aliijua kazi yake. Alikwenda mpaka kizingitini, akageuka kuwatazama, akainua bakora.

Miguu ikakataa.

Haikuwa kuanguka kwa kishindo. Aliteremka na fremu ya mlango polepole, kanga ikamfuata, akalala kizingitini upande hadi upande, na bakora ikaviringika mpaka miguuni pa Seifu.

Uani wote ukashangilia.

"Kafunga njia!"

"Amelala! Mnyamwezi amelala mlangoni!"

"Ndiyo utani huo, sio wa vijana wa siku hizi!"

Sarafu zilianza kumwangukia kifuani na pembeni. Stellamaris alipiga magoti. Mama yake alikuwa macho, uso umekauka na kuwa wa moto kama sufuria, midomo inafunguka na kufunga bila kutoa chochote.

"Anaumwa," Stellamaris akasema. Halafu kwa nguvu: "Jamani, mama anaumwa! Anaumwa kweli!"

Kicheko kikaongezeka maradufu.

"Na mtoto naye!" akasema bibi mmoja mnene, akijifuta macho. "Kazaliwa na utani tumboni! Aumwe tu, sisi tumefiwa!"

"Sio utani! Naapa!"

"Apa tena, mwanangu, unaapa vizuri!"

Katika maisha yake yote Stellamaris alikuwa amesema uongo mbele ya wakubwa wengi wenye vyeo, na wote walimwamini. Leo alikuwa anasema kweli tupu, machozi yakimtoka, na watu walikuwa wanamsifia. Alimgeukia Seifu. Seifu, bega chini ya jeneza, alikuwa anatabasamu na kulia. Alimtafuta Brighton, alikuwa mbali kule chini ya turubai, nyuma ya wanaume wote. Msibani, kwa siku hiyo, hakuna neno la mtani linaloaminiwa, na yeye alikuwa mtani tangu kuzaliwa.

Vidole vikamshika kwenye kifundo cha mkono. Aliinama mpaka sikio likagusa midomo ya mama yake.

"Joto," Jenifa alisema, bila sauti, kwa hewa tu. Halafu, baada ya muda mrefu: "Usi... niharibie."

Stellamaris alimtazama. Alijua dawa ya hali ile, alishaiona nyumbani: kivuli, maji ya baridi, upepo, na baada ya muda mishipa inakumbuka kazi yake. Vitu hivyo vyote vilikuwepo nyumba ile. Tatizo lilikuwa namna ya kuviomba kwa watu ambao ukisema moto wanaleta kuni.

Akasimama. Akajifuta uso kwa kiganja. Na sauti ilipotoka ilikuwa nene, imejaa, ikapita juu ya vichwa vya wanawake na kufika kwa wanaume chini ya turubai, na Hamisa akainua kichwa ghafla kama aliyeitwa na mtu aliyesafiri zamani.

"Sarafu zenu okoteni!" ikasema. "Mnamnunua Mnyamwezi kwa hela ya pipi? Sikilizeni, Wazaramo! Sisi tumebeba mizigo kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, kwa mguu, mabega yakachubuka, na ninyi mkakaa pwani mnatungoja na ngoma! Leo deni limefika. Leo na sisi tunabebwa!"

"Haya!" wakaitikia. "Sema, mtani!"

"Mtani hatoki hapa kwa miguu yake! Aletewe kiti! Abebwe na wanaume wanne, tena wenye nguvu, msilete walaji wa chapati! Awekwe kivulini! Aletewe barafu, ndoo nzima, na kanga iliyolowa, na wanawake wawili wa kumpepea kama sultani! Bila hivyo Bi Mwanne anarudi ndani, na mtaendelea kula mihogo yake!"

Sijui kama kuna msiba uliowahi kutii amri kwa haraka kiasi hicho. Kiti cha plastiki kilipita juu ya vichwa. Wanaume wanne walimwinua Jenifa wakiguna kama wapagazi, watu wakiwahesabia hatua kwa kuimba, wakamweka chini ya ukuta upande wenye kivuli, hatua chache kutoka mlangoni. Kijana wa dukani alikuja na barafu kwenye ndoo. Kanga ikaloweshwa, ikawekwa shingoni na mikononi. Yule bibi mnene mwenyewe alishika ungo akapepea kwa bidii na dhihaka, "Pumzika sultani, pumzika mzee wa mizigo," bila kujua kwamba anatibu mtu. Stellamaris alishika kikombe cha maji ya barafu mdomoni kwa mama yake na kuyaacha yaingie taratibu, kidogo kidogo, asije akapaliwa.

Shehe alikohoa. "Watani, swala ina wakati wake."

"Bado kidogo, shehe," alisema Seifu. "Mama alisema bila huyu hatoki. Tukimtoa kwa nguvu atatulemea."

Wakangoja. Jeneza lilikuwa begani, na wabebaji walibadilishana mabega, na hakuna aliyenung'unika, kwa kuwa walichokuwa wanangojea kilikuwa halali kabisa. Stellamaris alikuwa anatazama mdomo wa mama yake. Uso ulikuwa umeanza kurudi rangi yake. Vidole vilifunguka, vikafunga. Ile sauti ya zamani ilikuwa bado kooni kwa Stellamaris, tayari, imeshapanga na cha kusema. Ingetosha aifungulie mlango, na maiti ingeondoka kwa tusi la kukumbukwa, na wangerudi Kibaha. Akaimeza. Ilikuwa kama kumeza tonge la moto.

Jenifa aliinua mkono. Wabebaji wakasogea na jeneza mpaka mbele ya kiti.

"Mwanne," alisema.

Hakuna aliyecheka. Sauti ilikuwa ndogo, na mtu wa mbali alilazimika kusogea, na walisogea.

"Nenda." Pumzi. "Umenishinda." Pumzi ndefu, na mkono ukibaki umeinuliwa ili wasiondoke. "Lakini... kwa kuwa... nilikuhurumia."

Seifu alianza kucheka bega likiwa chini ya jeneza, jeneza likatikisika, wenzake wakacheka kwa kutikiswa nalo, na ndivyo Bi Mwanne alivyotoka nyumbani kwake, anayumba kidogo, kati ya takbira na kicheko, mpaka wanaume wakapinda kona na wanawake wakabaki na uani wao.

Maiti ikishatoka, utani wa mlangoni umekwisha, na maneno yanarudi kuwa maneno. Hamisa alikuja akakaa chini kwenye mkeka, mbele ya kiti. Alichukua mkono wa Jenifa, akauona unatetemeka bila kuambiwa.

"Mtani," akasema polepole, "mbona mama ameshaondoka, na wewe bado unasema hivyo?"

Jenifa alimtazama. "Naumwa."

Hamisa alianza kucheka kwa mazoea, kicheko kikamfia mdomoni. Yule bibi mnene akateremsha ungo.

"Tangu lini?"

"Zamani. Zile... Jumapili... zote."

"Mtandao ule?"

"Haukuwa... mtandao."

Hamisa aliuachia ule mkono. Machozi yalimlenga tena, na haya yalikuwa ya hasira. "Ukamwacha mama afe anajua amekushinda? Alikuwa anapita kwa majirani kila Jumapili kuwaambia! Mtaa mzima ulijua!"

"Alifurahi?"

"Kupita kiasi."

"Basi," Jenifa alisema.

Bibi mnene aliuinua ungo akaanza kupepea tena, safari hii taratibu, bila kumwita mtu sultani. Wanawake wengine walisogeza mikeka. Hamisa akauliza jina la ugonjwa, na Jenifa akaanza kuwaeleza yote tangu mguu ulipokuwa mtoro, na ilikuwa wazi kwamba kwa mwendo huo wali ungeiva, ungeliwa, na maelezo yangekuwa bado yapo zahanati.

Stellamaris alipelekwa kuosha masufuria, kwa kuwa mtani akishamaliza kuheshimiwa hufanyishwa kazi. Alikaa karibu na bomba, mgongo kwa watu, anasugua. Kutoka pale aliisikia sauti ya mama yake ikija nyuma yake, neno, pumzi, neno, ikizama na kuinuka. Hakuwa amewahi kuisikiliza hivi. Nyumbani alikuwa anaisikiliza ili aisaidie, anakimbilia kumalizia sentensi, anaweka ile ya zamani juu yake. Sasa aliona kwamba ile "k" ilikuwa inagonga nyuma kidogo ya mahali pake, na kwamba mama yake alipokaribia neno gumu alilizunguka kwa kutabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa linasikika. Ilikuwa na mambo mengi. Midomo yake ikaanza kutembea pamoja nayo, chini chini, ikipotea, ikirudia, ikitafuta pumzi inapokaa.

"We binti," akasema mwanamke aliyekuwa anakuna nazi, "unasali?"

"Hapana, mama. Najifunza."

"Unajifunza nini? Sufuria lenyewe hilo hujalimaliza."